Kampuni inabadili muundo: nani aambiwe nini, lini, na kwa mdomo wa nani?

#1 Kalamu_ya_Ofisi

Wakuu, humu jukwaani kila mwezi anaibuka meneja au mtu wa HR aliyeambiwa na bodi "kawaelezeni wafanyakazi", basi. Waanzie wapi, waseme nini, hakuna aliyewaambia. Nafungua uzi huu tuweke utendaji tu. Kama mabadiliko yenyewe ni mazuri au mabaya, hiyo ifungulieni uzi mwingine.

Ili tuongee lugha moja, nachukua mfano wa kubuni: kiwanda cha watu 240 Dar, zamu tatu, madereva 18 barabarani, bohari moja Mwanza. Menejimenti inataka kufunga bohari ya Mwanza na kuunganisha idara mbili za Dar. Nafasi 37 zinaguswa.

Mara nyingi kinachoharibu si maneno, ni mpangilio. Mkurugenzi anasimama mbele ya watu 200 na hotuba nzuri kabisa, akimaliza wanamgeukia supavaiza wao: "Bosi, hii inatuhusu sisi?" Supavaiza naye ndiyo kwanza anasikia. Hapo hotuba yote imekufa, kwa sababu mtu wa mashine hamwamini mkurugenzi anayemwona mara mbili kwa mwaka. Anamwamini anayemsainia likizo.

Mpangilio ninaoupendekeza:

Jumatatu saa 9 alasiri: mameneja na masupavaiza wote, saa moja na nusu, milango imefungwa. Wapewe karatasi ya ukurasa mmoja na majibu ya maswali 20 hivi yanayotarajiwa. Ukiwaambia wiki moja kabla, habari itavuja. Ukiwaambia dakika kumi kabla, umewavua nguo mbele ya vijana wao. Usiku mmoja unatosha.

Jumatatu saa 11 jioni: viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, barua mkononi.

Jumanne saa 3 asubuhi: mkutano wa wote Dar, na saa hiyo hiyo Mwanza. Mwanza aende mkurugenzi kwa miguu yake. Wanaoguswa zaidi ndio wanaostahili kuonana na mtu ana kwa ana. Wa Dar wanaweza hata kusomewa na meneja wao.

Usifanye Ijumaa jioni. Watu wanaondoka na nusu ya habari, ofisi inafungwa siku mbili, nusu nyingine inajazwa na magrupu ya WhatsApp.

#2 Mtumwa_wa_Ratiba

Naweka kambi hapa.

#3 Zamu_ya_Tatu

Mkuu, uzi mzuri, lakini ratiba yako imeandikwa na mtu wa ofisini. Kiwanda cha zamu tatu kwa kawaida kinabadilishana saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 5 usiku. Mkutano wa saa 3 asubuhi unawakuta wa asubuhi tu. Waliotoka usiku wako kitandani, wataamshwa na simu ya shemeji: "Eti mnafungwa?"

Fanya hivi. Mkutano wa kwanza saa 1 kasorobo asubuhi, pale pale wanapokabidhiana: unawapata wa usiku wanaotoka na wa asubuhi wanaoingia, dakika 25, na zile dakika uwalipe wanaotoka. Wa pili saa 9 kasorobo alasiri kwa wanaoingia mchana. Kati ya mikutano hiyo miwili pita mashine kwa mashine, usijifungie ofisini.

Madereva 18 wapigiwe simu na msimamizi wa magari kati ya saa 1 na saa 3, wakiwa wameegesha. Walioko likizo, walioko hospitali na walioko likizo ya uzazi, simu pia, siku hiyo hiyo, kisha barua. Hawa husahaulika kila mara, na mama aliyejifungua akisikia kwa jirani kuwa nafasi yake imefutwa, una malalamiko ya haki kabla hujaanza mazungumzo.

Halafu walinzi na wafanya usafi wa kampuni ya nje. Hawamo kwenye orodha yenu ya 240, lakini ndio wanaoona nani kaingia ofisi ya nani saa ngapi. Msimamizi wao aambiwe asubuhi hiyo.

#4 Kalamu_ya_Ofisi

Nimekubali, ratiba ya Jumanne ifuateni ya mkuu Zamu_ya_Tatu. Dakika za kulipa sikuzifikiria kabisa.

#5 Wakili_Mchovu

Kabla hamjafika mbali. Neno moja linaweza kuangusha zoezi zima: "tumeamua".

Kwa Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara tu wazo linapofikiriwa, atoe taarifa zote zinazohitajika ili mashauriano yawe ya kweli, na ashauriane KABLA ya kupunguza. Mashauriano yanahusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda, na malipo. Yanafanyika na chama kinachotambuliwa, na chama kilichosajiliwa chenye wanachama pale ambao hawajawakilishwa na kile, na wafanyakazi wasio na mwakilishi wowote. Hili kundi la mwisho linarukwa sana. Pande zisipoafikiana, suala linakwenda kwenye usuluhishi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zina maelezo zaidi. Zisome zote, si kurasa mbili.

Sasa fikirini mkurugenzi anasimama Jumanne na kusema "tumeamua kufunga, watu 37 wataondoka tarehe 30", barua ya kualika mashauriano inatoka Alhamisi. Mnashauriana nini? Rekodi ya simu ya mfanyakazi yeyote pale ukumbini ni ushahidi kwamba mashauriano yalikuwa maigizo. Na mtarekodiwa, msijidanganye.

Lugha sahihi: "tunakusudia", "pendekezo", "nafasi zinazoguswa". Na iwe kweli, si rangi ya mdomoni. Kama orodha ya majina ipo tayari kwenye droo, hakuna kitenzi kitakachowaokoa.

#6 Supavaiza_Mstaafu_Mtarajiwa

Hiyo karatasi ya ukurasa mmoja kila mtu anaitaja, hakuna anayeionyesha. Tuonyesheni.

#7 Kalamu_ya_Ofisi

Haki yako mkuu. Kwa mfano wetu, hii hapa:

*"Menejimenti inakusudia kufunga bohari ya Mwanza na kuunganisha idara mbili za Dar kufikia tarehe 30 Septemba. Sababu: mizigo mingi iliyopitia bohari hiyo sasa inakwenda kwa mteja moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Pendekezo linagusa nafasi 37: 29 za Mwanza na 8 za idara ya usambazaji Dar. Hakuna jina lililochaguliwa. Mashauriano na chama, na wasio wanachama, yanaanza Alhamisi. Mishahara ya mwezi huu na ujao italipwa tarehe zile zile. Yasiyojulikana bado: vigezo vya kuchagua, na nafasi ngapi zinaweza kuhamia Dar. Majibu ya hayo mawili tutayatoa tarehe 14. Kila Ijumaa saa 8 mchana kutakuwa na taarifa ubaoni, hata kama hakuna jipya."*

Haifiki maneno mia. Angalieni vilipo vitu. Kinachobadilika kiko sentensi ya kwanza. Kinyume chake, Stephen Elop, mmoja wa mabosi wa Microsoft, Julai 2014, aliwaandikia wafanyakazi waliotoka Nokia (Microsoft ilikuwa imenunua biashara yake ya simu) waraka mrefu wa mikakati ya simu. Habari kwamba kazi kama 12,500 zinapotea ikaja baada ya aya nyingi. Mtu anayetafuta kujua kama ana kazi anapita aya za mikakati kama anayechambua mchele, akitafuta jiwe.

Mshahara umetajwa bila kuulizwa. Lisipotajwa, ndilo swali la kwanza, na hakuna atakayesikia lolote kabla ya kujibiwa.

Namba zimegawanywa kwa mahali. Ukisema "37" peke yake, watu 240 wote wanalala macho. Ukisema 29 na 8, mtu wa matengenezo Dar anajua leo halimgusi.

Na hakuna "sisi ni familia moja". Ukoo haumfuti mtu nafasi yake. Hilo neno likitamkwa siku hiyo, linageuzwa kuwa utani kabla ya chai ya saa 4.

#8 Mhasibu_wa_Stahiki

Niongeze palipo na moto. Sentensi ya hatari kuliko zote ni "mtalipwa stahiki zenu zote kwa mujibu wa sheria". Ni kweli, na ndiyo inayozaa hasira, kwa sababu kila mtu anaisikia kwa namba yake kichwani.

Kima cha chini cha sheria Tanzania kwa kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12, na ukomo ni miaka 10. Tufanye hesabu. Mtu ana mshahara wa msingi wa 780,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Mwezi unagawanywa kwa 4.333 kisha kwa 6, yaani takribani 26. Siku moja ni 30,000. Siku 7 ni 210,000. Miaka 10 ni 2,100,000.

Sasa huyo mtu ana miaka 17 kazini. Bado ni 2,100,000. Ile miaka 7 ya mwisho haimo. Na ni mshahara wa msingi. Posho ya nyumba na usafiri hazimo. Yeye nyumbani ameshapiga hesabu ya miaka 17 kwa mshahara mzima.

Mkataba wa hali bora na chama unaweza kuwa na kiwango cha juu zaidi, na mwajiri anaruhusiwa kuongeza. Ndiyo maana malipo ni sehemu ya mashauriano. Vyovyote itakavyokuwa, karatasi ya mtu mmoja mmoja iwe na mistari iliyotenganishwa: mshahara hadi siku ya mwisho, notisi (kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, au malipo badala yake), likizo ambayo hakuchukua, kiinua mgongo, nauli ya kurudi alikoajiriwa kama inamhusu, kisha makato. Makato yaandikwe kwa jina: mkopo wa benki, SACCOS, karadha ya mshahara. Mtu akiona "makato mengineyo 640,000" siku ya mwisho, umetengeneza kesi.

Siku hiyo hiyo mlete mtu wa mfuko wa hifadhi ya jamii aeleze fao la kukosa ajira na nyaraka zake. HR wasijifanye wanajua ya mfuko.

#9 Otieno_wa_Kisumu

Huku Kenya hesabu ni tofauti, msichanganye. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40: notisi kwa chama na kwa afisa wa leba wa eneo hilo, ikieleza sababu na ukubwa wa zoezi, angalau mwezi mmoja kabla. Asiye mwanachama anaandikiwa yeye binafsi, na afisa wa leba pia. Kuchagua kunazingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwa mtu. Malipo ya kuachishwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, na kifungu hakitaji ukomo wa miaka kumi kama hapo kwenu.

Hapo ndipo kampuni zenye ofisi nchi zote mbili huteleza. Waraka mmoja unatoka Nairobi kwenda kwa wote, unataja siku 15. Wa Arusha wanausoma, wanapiga hesabu, kisha wanapewa za siku 7. Bwana, hata kama ni halali, hiyo mtaielezaje? Kila nchi iwe na waraka wake, au mlipe kiwango kimoja na mseme mmechagua hivyo.

#10 Mwenye_Kiti_Moto

Mimi sikubaliani na hiyo "yasiyojulikana bado". Kiongozi akisema hajui, watu wanaona meli haina nahodha. Bora anyamaze hadi awe na majibu yote.

#11 Zamu_ya_Tatu

Kiti Moto, ukinyamaza wiki tatu hujaacha nafasi tupu. Wiki ya kwanza watasema 37. Ya pili 80. Ya tatu Wachina wamenunua. Na wanaoondoka kwanza ni wale wenye soko: fundi umeme, mtu wa maabara, dereva mwenye leseni ya magari makubwa. Hao ulitaka wabaki.

Kinachomfanya kiongozi aonekane hana mwelekeo ni kusema "sijui" bila tarehe. "Vigezo vitajulikana tarehe 14" ni jibu. "Tutawajulisha kwa wakati muafaka" si jibu, na kila aliyewahi kuajiriwa anaijua maana yake.

#12 Mwenye_Kiti_Moto

Hapo kwenye tarehe nimekuelewa. Na tarehe 14 ikifika bodi haijakaa?

#13 Kalamu_ya_Ofisi

Tarehe 14 ile ile unatoa taarifa: bodi haijakaa, sababu ni hii, inakaa tarehe 19, jibu ubaoni tarehe 20 saa 8 mchana. Usingoje tarehe 15 waanze kuuliza. Kuahirisha mara moja kwa tarehe mpya kunavumilika. Mara ya pili aje mkurugenzi mwenyewe aseme kwa mdomo, karatasi haitoshi tena.

#14 Dada_Mkalimani

Hamjagusa lugha. Makao makuu wanaandika Kiingereza, mtu wa HR anatafsiri usiku, asubuhi inasomwa. Nafasi "iliyo kwenye mapitio" inageuka "iliyofutwa". Nafasi inageuka "cheo", sasa walio bila cheo wanadhani hawamo. "Kuondoka kwa hiari" inaandikwa "kujiuzulu", na anayejiuzulu anajua anapoteza stahiki, kwa hiyo hakuna anayejitokeza, hata wale waliotaka.

Tafsiri isomwe na watu wawili kabla ya kutoka: kiongozi mmoja wa tawi la chama, na supavaiza mmoja wa chini kabisa. Waulize wakueleze kwa maneno yao wameelewa nini. Wakikwama sentensi, irekebishe hiyo sentensi, usiwaeleze wao. Na iwepo sauti ya dakika mbili ya mkurugenzi kwa Kiswahili, maneno yale yale ya karatasi, itumwe kwa madereva. Akiongeza yake kwenye sauti, mna matangazo mawili.

#15 Printa_ya_Korido

Mavujo. Mengi hayatoki mdomoni.

Bahasha 37 zilizochapishwa kwenye printa ya korido. Chumba cha mikutano kilichowekwa kwenye kalenda ya wote kwa jina "Mazungumzo ya watumishi, awamu ya 1", dakika 20 kila mtu, siku nzima. Faili la Eksel lenye majina linaloitwa "Final_final", kwenye folda ya pamoja. Mtu wa TEHAMA anayeombwa orodha ya akaunti za kufunga, naye anamkuta rafiki yake humo.

Hili la mwisho lina ubaya wake. Akaunti ikifungwa saa 2 na mazungumzo ni saa 4, mtu anagundua amefutwa kazi kwa sababu nywila haikubali. Mtu wa TEHAMA apewe orodha baada ya mazungumzo, jina kwa jina, si kundi zima.

Chapa nje ya jengo au kwa printa ya mkurugenzi, na asimame mtu pale hadi karatasi ya mwisho itoke.

#16 Mtumwa_wa_Ratiba

"Final_final" 😂 nimejiona.

#17 Wakili_Mchovu

Mifano ya nje mnayopenda kuitaja, tuiweke sawa. Desemba 2021, bosi wa Better.com, kampuni ya Marekani ya mikopo ya nyumba, Vishal Garg, aliwaachisha watu kama 900 kwenye mkutano mmoja wa Zoom wa dakika chache. Machi 17, 2022, P&O Ferries, kampuni ya feri ya Uingereza, iliwaachisha mabaharia 786 kwa video iliyorekodiwa. Siku chache baadaye mkuu wake, Peter Hebblethwaite, akaulizwa na wabunge, akakiri kwamba walipaswa kushauriana na vyama na walichagua kutofanya hivyo. Wengi wanadhani tatizo lilikuwa video. Wangemtuma mtu mwenye sauti laini kila meli, kosa lingebaki lile lile.

Upande wa pili, barua ya Brian Chesky, bosi wa Airbnb (kampuni ya kupangisha malazi mtandaoni), ya Mei 5, 2020, ya kuwaachisha watu kama 1,900 kati ya 7,500. Inasomeka hadi leo kwa sababu ina vitu vya kushika: mshahara wa wiki 14 na wiki moja zaidi kwa kila mwaka wa kazi, bima ya afya miezi 12 kwa walioko Marekani, kompyuta mnabaki nazo. Msiige machozi yake, igeni namba. Kampuni isiyo na uwezo wa wiki 14 inaweza kuandika ilichonacho kwa uwazi ule ule.

#18 Mama_wa_Mapokezi

Naomba kuuliza, sisi hakuna anayepunguzwa. Wanataka kutoka zamu tatu za saa 8 kwenda mbili za saa 12. Meneja amebandika ratiba mpya ubaoni, inaanza Jumatatu. Ni sawa?

#19 Wakili_Mchovu

Si sawa, dada. Saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada zinawezekana Tanzania, lakini kwa makubaliano ya maandishi, na ndani ya siku zisizozidi 5 na saa 45 za kawaida kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu. Ubao si makubaliano. Na yaliyoandikwa kwenye maelezo ya ajira ya mtu yakibadilika, yanarekebishwa kwa kushauriana naye na anaarifiwa kwa maandishi.

#20 Zamu_ya_Tatu

Na kabla ya kusaini, mwambieni meneja ajibu kwa maandishi mambo matatu: basi la kampuni litapita saa ngapi kwa wanaotoka saa 1 usiku, mlo wa pili upo au haupo, na mshahara wa mwezi wa kwanza wa ratiba mpya utasomeka kiasi gani kwa mtu aliyezoea ovataimu. Hilo la tatu ndilo. Watu wengi hawagombani na saa 12, wanagombana na ovataimu iliyopotea bila kutajwa.

#21 Supavaiza_Mstaafu_Mtarajiwa

Na wanaobaki? Hao 203 wa mfano wenu mmewasahau. Siku inayofuata anakuja kazini anakuta kiti cha jirani kitupu, kazi za jirani ziko kwake, na hakuna anayesema kitu.

#22 Kalamu_ya_Ofisi

Kweli, tuliishia kwa wanaoondoka. Ndani ya siku mbili kila supavaiza akae na kila aliyebaki, dakika 15, na karatasi yenye safu tatu: kazi anazoendelea nazo, kazi alizopokea, na kazi zinazoachwa kabisa. Safu ya tatu ikiwa tupu, mmewapa kazi za watu wawili mkaita muundo mpya. Supavaiza asiruhusiwe kuisaini ikiwa tupu hadi meneja wake ataje angalau ripoti moja au kikao kimoja kinachofutwa.

Wataulizwa pia: "Kuna awamu ya pili?" Asiyejua asiseme hapana. Aseme: "Sijaambiwa kuwa ipo. Nitauliza leo, nitakujibu kesho saa 4." Halafu kesho saa 4 aende.

#23 Supavaiza_Mstaafu_Mtarajiwa

Na akiuliza juu, naye akaambiwa "wewe sema hakuna" huku ipo?

#24 Wakili_Mchovu

Aombe aandikiwe kwa barua pepe. Mara nyingi hiyo barua pepe haiji, na jibu linabadilika.